Dirisha Nililoliomba Mwenyewe

Wanangu mnaoanza kazi za maabara, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Sasa kaeni kitako, maana nina neno, na mimi nikiwa na neno huwa silimezi.

Mwezi uliopita mlinialika pale mjini Tabora nije kuona maabara yenu mpya. Nimeona. Vioo kila upande, sakafu inang'aa hadi nikaona aibu kuikanyaga na viatu vyenye vumbi la Usoke, televisheni ukutani inaonyesha mpira, spika inapiga muziki, na meza moja ndefu mmeizunguka watu saba mnatazamana kama mko harusini. Nikauliza, "Slaidi mnasomea wapi?" Kijana mmoja, Ibra, akanijibu kidole kikiwa bado kwenye simu: "Popote tu, mama. Siku hizi sisi tuko fasta." Mkacheka wote. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa mgeni na soda yenu nilikuwa nimeshainywa. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani lile neno "popote" lilinikaa rohoni, na ndiyo maana nimemwomba mjukuu wangu daftari.

Msije mkasema bibi huyu anaonea wivu vioo vyetu. Thubutu! Vioo nilikuwa navyo mimi wakati Ibra bado ananyonya. Niliviomba mwenyewe, nikavichora mwenyewe kwenye karatasi, na miezi mitatu baadaye nikamwita fundi mwashi aje kuviziba kwa tofali. Kijiji kizima kilisema nimechanganyikiwa. Nitawaambia kisa hicho, lakini kwanza niwaambie nilikotoka.

Kituo chetu kilikuwa cha misheni, kidogo tu, upande wa Usoke, jirani kabisa na reli. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu yaliyotokea niliyaleta mimi. Aliyenifundisha kazi pale alikuwa mzee Melkiori, mtu mfupi, mkali kwa dakika mbili tu, ya tatu anakuchekesha. Siku ya kwanza nilipoketi kwenye hadubini, hakutazama ninachokiona. Alitazama mgongo wangu.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Akaitoa stuli, akaenda nje, akarudi na vipande viwili vya mbao, akavipigilia chini ya miguu ya stuli. "Panda." Nikapanda. "Shingo yako inasemaje?"

"Haisemi kitu, mzee."

"Basi hapo ndipo. Shingo ikianza kusema, wewe utataka kumaliza upesi. Ukitaka kumaliza upesi utaandika uongo, na mimi nitakufukuza."

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya maharage. Mlango mmoja, kidirisha kimoja kinachotazama tangi la maji nyuma ya jengo. Hakuna cha kuona pale ila tangi, na tangi halina habari mpya. Meza aliivuta ikakaa mbali na ukuta kama hatua mbili, na kila mguu wake aliukalisha juu ya kipande cha tairi kuukuu. Mimi nilidhani ni uzee. Kumbe treni ya mizigo ikipita, ukuta ule hutetemeka, na meza ikiegemea ukuta, chini ya lenzi kila kitu kinacheza ngoma. Ukiisogeza na kuiwekea tairi, treni inapita na wewe unaendelea kusoma.

Na rangi. Misheni walileta ndoo ya rangi nyeupe, nyeupe pepe. Mzee Melkiori akaikataa, akaipeleka kwenye wodi ya wazazi, yeye akachukua udongo na majivu ya jikoni akaupaka ukuta ulio mbele ya hadubini. Nikamwuliza kwa nini tukae kwenye chumba kama jiko la bibi. Akaniambia, "Mimi natazama kwenye mwanga kutwa nzima. Nikiinua jicho nataka lipate pa kulala." Nilicheka sana siku hiyo. Ningejua, ningeandika.

Sasa mahindi. Ninyi mnajua, lakini msomaji aliyeanza jana asipotee: ukitazama tone la damu kwenye hadubini unaona duara moja dogo. Ukisogeza slaidi unaona duara jingine. Ili uweze kumwambia mgonjwa kwamba hana vijidudu vya malaria, ni lazima uwe umepita maduara mia moja, moja moja, kwa utulivu. Si arobaini. Si "kama themanini hivi". Mzee Melkiori alikuwa na sahani mbili za bati. Upande wa kushoto punje kumi za mahindi, upande wa kulia hakuna kitu. Kila akipita maduara kumi, mkono wake wenyewe, bila jicho kutoka kwenye lenzi, unahamisha punje moja. Punje zikiisha kushoto, amefika mia. Siku moja kuku wa mpishi aliingia akala punje sita za mzee akiwa katikati ya kusoma. Mzee aligutuka, akaitazama sahani, akamtazama kuku, akasema, "Umekula maduara sitini, mshenzi wewe," akaanza upya toka moja. Nami nilikuwa mlangoni nimejishika mbavu. Lakini mwone: alianza upya. Hakukisia.

Shida yetu kubwa haikuwa kuku, haikuwa treni. Ilikuwa salamu. Ninyi wa mjini mnasalimiana kwa kidole gumba kwenye simu, sisi kule salamu ni kazi. Mtu hapiti mbele yako hivi hivi. Atakuamkia, utaitikia, ataingia Kinyamwezi akupe mwangaluka, umrudishie, apige makofi kidogo ya heshima, aulize nyumbani, aulize watoto, aulize tumbaku imekauka vipi, na wewe uulize ya kwake. Ukikata katikati umemtukana, na jioni habari imefika kwa mama mkwe wako. Sasa zidisha hayo kwa watu thelathini kwenye benchi la wagonjwa.

Mzee Melkiori alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi, kabla ya kugusa slaidi, alitoka kwenda kwenye benchi na kuwamaliza wote. Mmoja mmoja, hana haraka. Ndama wa huyu, mtihani wa mtoto wa yule, mguu wa bibi. Akishamaliza anapiga makofi, anasema kwa sauti, "Haya wazee wangu, mimi sasa nakwenda Ujiji. Nikirudi tutaongea."

Benchi zima: "Safari njema!"

Anaingia, anafunga mlango. Mgonjwa mgeni akifika na kuuliza dokta yuko wapi, anajibiwa bila hata tabasamu kwamba yuko Ujiji, atarudi saa nne. Nilimwuliza kwa nini Ujiji. Akasema babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alitoka hapa Unyanyembe na mzigo kichwani hadi Ujiji kwa miguu, "na mtu mwenye mzigo kichwani hakuna aliyemsimamisha njiani kumwuliza habari za nyumbani." Basi watu walilielewa hilo upesi sana. Hakuna aliyeona ametukanwa. Unamsalimuje mtu ambaye hayupo?

Mzee akastaafu, nikabaki mimi. Mama Sabina, bingwa wa hadubini! Mwaka uliofuata misheni wakapata wafadhili wa kujenga maabara mpya. Mganga mfawidhi, yaani mkubwa wetu wa kituo, akaniita akaniuliza ninataka chumba cha namna gani.

Niseme ukweli wangu. Nilikuwa nimechoka kufichwa. Miaka yote ile wauguzi wanaonekana, daktari anaonekana, hata mpishi anaonekana, mimi niko na tangi la maji. Watu walikuwa wanakuja kushukuru wakati wa mavuno, kuku anakwenda kwa daktari. Nikasema, safari hii na mimi wanione. Nikachukua penseli, nikachora dirisha kubwa la kioo, upana wa mikono miwili, linalotazama barazani kwenye benchi la wagonjwa, na chini yake kitundu cha kupokelea sampuli. Meza nikaiweka pale pale dirishani. Kuta nyeupe. Nikamwambia mganga kwamba wagonjwa wakiona kazi inavyofanyika watakuwa na imani. Neno zuri hilo, "imani". Lilipita bila kupingwa.

Mzee Melkiori alikuja kwenye ufunguzi na koti lake la sikukuu. Akaizunguka maabara yangu yote. Nikamwambia, "Unaonaje, mzee?" Akasema, "Nzuri. Wewe utafanyia kazi wapi?" Nikadhani ananitania. Nilikasirika siku mbili.

Wiki za kwanza, jamani, raha! Wanapita, wananiona na koti jeupe, wananipungia mkono. Watoto wanabandika pua kwenye kioo. Zile punje za mahindi nilizificha kwenye droo, maana wageni watanionaje, mtaalamu mzima anahesabu mahindi? Nikaamua nitahesabu kichwani. Na safari ya Ujiji ikafa yenyewe. Utasemaje umekwenda Ujiji na watu wanakuona utosi?

Mwezi wa pili kichwa kikaanza kuniuma kila siku ifikapo saa tano. Nikanunua miwani. Kikaendelea. Nikapima presha, nzuri. Nikaacha chai, nikarudia chai. Nyumbani nikaweka chumvi kwenye uji badala ya sukari, mume wangu akanywa akanyamaza, Mungu ambariki. Kazini nikaandika jina la mtu mmoja kwenye vichupa viwili. Nikaanza kuwaza kwamba uzee umeniwahi, na kuna jirani yangu mmoja nilishaanza kumtazama vibaya. Kila kitu nilikishuku isipokuwa dirisha.

Ndipo akaja Leah.

Leah alikuwa mke wa Daudi, mkulima wa tumbaku. Mwimbaji wa kwaya ya Moravian, binti mpole, sauti yake ndogo ukiongea naye lakini akiimba utashangaa imetoka wapi. Walikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto, na wakati huo mimba ilikuwa ya miezi mitano. Kijiji kizima kilikuwa kinaihesabu mimba ile. Alikuja siku ya gulio, ana homa, na siku hiyo vipimo vya haraka vilikuwa vimetuishia, kwa hiyo kila mtu alikuwa anasomewa slaidi. Benchi limejaa, waliokosa nafasi wamesimama kwenye kioo changu.

Slaidi yake niliiweka nikaanza. Kumi. Ishirini. Thelathini. Salamu zikaja, nikaitikia bila kuinua kichwa. Nyingine ikaja, sikuitikia, ikarudiwa kwa nguvu kidogo. Nikainua kichwa, nikatabasamu, "Marahaba, marahaba, hamjambo hapo?" Nikarudi kwenye lenzi. Mwanga wa kioo na wa kuta nyeupe umeniachia giza machoni. Nilikuwa kwenye duara la ngapi? Thelathini na kitu? Au sabini na kitu? Nilijua kabisa sijui. Wanangu, hapo ndipo kazi yetu yote ilipo, kwenye ile nukta moja. Kichwa kilichokatishwa mara ishirini tangu asubuhi hakina tena nguvu ya kusema "anza upya". Kinasema "ulikuwa unakaribia kumaliza". Nikaongeza maduara kama kumi na tano hivi, nikaandika: hakuna. Leah akapewa vidonge vya homa akaenda nyumbani.

Siku ya tatu Daudi alimleta amemfunga kwa kanga kwenye baiskeli, kichwa kinaning'inia begani kwake, hamjui mtu. Gari la misheni likamchukua papo hapo kumkimbiza Kitete, hospitali ya mkoa.

Mimi nilifunga mlango, nikafungua sanduku la slaidi za wiki. Zilikuwa zinatunzwa kwa ajili ya ukaguzi. Nikaitoa ya kwake. Nikashusha pazia kwenye dirisha langu zuri, nikatoa mahindi kwenye droo, nikasoma. Duara la sitini na nne, mdudu. La sitini na saba, wawili. La sabini na moja, na kuendelea. Walikuwa pale siku zote tatu wananingoja. Sikulia, kwa sababu hofu ilizidi kilio.

Nikaichukua slaidi na sahani yangu ya mahindi nikaenda kwa mganga mfawidhi, nikamweleza yote. Akapiga simu Kitete kuwaambia ni malaria, wasipoteze muda. Kisha akaniambia, "Mama Sabina, mimi siwezi kukusaidia kulibeba hili."

Kabla sijamaliza, niwape yale ya kuwafaa, maana najua mnaharakisha. Fundi mwashi alifanya kazi siku mbili. Kamati ya kituo ilinikalia kikao, mwenyekiti akauliza kwa uchungu, "Mama, kioo cha wafadhili unakizibaje kwa tofali za kuchoma?" Nikamjibu kwamba akitaka kukitazama kioo nitampelekea nyumbani kwake. Tofali zikabaki. Meza ikageuzwa ikatazama ukuta, ukuta ukapakwa udongo na majivu. Tairi tukakata mpya. Sahani zikarudi. Na mimi asubuhi nikaanza kutoka barazani, nikawasalimia wote hadi wa mwisho, nikawaaga nakwenda Ujiji. Bibi mmoja akanijibu, "Afadhali, maana hapo dirishani ulikuwa hupo na hukuaga." Wiki mbili tu, kichwa kikaacha kuuma. Miwani ile nilimpa mume wangu asomee magazeti.

Kwa hiyo, Ibra na wenzako, muziki pigeni mkimaliza kazi. Televisheni wapeni wanaosubiri. Meza ndefu ni nzuri kwa chakula. Tafuteni kona moja, hata kama zamani ilikuwa ya maharage, isiyo na mtu wa kukupungia mkono, mkubaliane kwamba aliyeko pale haitwi, hasalimiwi, hatumiwi ujumbe. Mkipotelewa na hesabu, anzeni upya. Msione haya mbele ya mtu yeyote kuanza upya.

Sasa nimalizie lile nililoliruka, ambalo nimewahi kuwaambia watu wawili tu.

Siku ya nne baada ya Leah kupelekwa Kitete, kabla sijamwita fundi, kabla ya kikao, nilipanda gari nikamfuata. Daudi nilimkuta nje ya wodi, nikamwambia mimi ndiye niliyesoma vibaya. Akaangalia chini, akasema, "Kamwambie mwenyewe." Ndipo nikajua yuko hai.

Alikuwa ameketi ameegemea mto, amekonda, midomo imepasuka, mkono mmoja uko juu ya tumbo. Nesi alikuwa ametoka kumpima, akasema mtoto anacheza. Nilipiga magoti pale sakafuni, na umri wangu ule. Nikamwambia kila kitu: maduara, hesabu iliyonipotea, kukisia. Nikamwambia kulikuwa na kelele, kuna mtu alinisalimu, nikapoteza hesabu, lakini kosa ni langu.

Leah alinisikiliza hadi mwisho, macho yamemjaa machozi. Kisha akanishika mkono, akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Nisamehe, mama. Ni mimi. Nilikuamkia ukanyamaza, nikaogopa utaniona sina adabu, nikarudia kwa nguvu."